Mrejesho: DVR ya posho mill Kakamega sasa naiona nikiwa Nakuru

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza vile naweza kuangalia kamera za posho mill ya mama huko Kakamega (zimeunganishwa na DVR, ile mashine ya kurekodi picha za kamera) nikiwa Nakuru, na kule hakuna faiba, ni ruta ya laini ya simu tu.

Kwanza nilijaribu ushauri wa kufungua poti kwenye ruta (yaani mlango wa kuifikia DVR kutoka nje), ikakataa kabisa. Yule aliyeniambia niangalie IP (anwani ya ruta) ya upande wa intaneti aliona mbali, ilikuwa inaanza na 100.72, maanake kampuni ya simu imeweka wateja wengi nyuma ya IP moja, so hata ufungue poti zote hakuna kitu kitaingia kutoka nje.

Kilichofanya kazi ni P2P, yaani DVR yenyewe inajiunga na seva ya kampuni yake na simu inaipata kupitia hapo. Ilikuwa inakaa oflaini mpaka nikabadilisha DNS ya DVR (seva inayotafsiri majina ya mtandao kuwa IP) kuwa 8.8.8.8 ya Google, hapo hapo ikaandika onlaini, nikaskani kodi ya QR ya DVR na simu na picha ikaja, nikamwona mama akipima mahindi kwa gorogoro, aki nilifurahi sana.

Ile strimu ndogo (picha ya ubora wa chini) nimeiweka 256 kbps, inakula kama MB 115 kwa saa. Strimu kubwa (ya ubora wa juu) bado inakwama jioni, na kuangalia rekodi za nyuma nikiwa mbali ni shida, hiyo sijasolve, kwa sasa nazitoa na flashi nikienda nyumbani.

Asanteni sana wote, Mungu awabariki.