Tupeane uzoefu: mnaoshuti na kuediti mahojiano ya dokumentari, mnapambana vipi?

Fundi wa Pwani: Wadau salaam. Leo tuongelee mahojiano tu, yaani mtu kakaa kwenye kiti anasimulia, maana watu wanadhani ndo kazi nyepesi kuliko zote, unasimika kamera unabonyeza rekodi basi. Mi nashuti sana wavuvi na mafundi wa majahazi, Pangani huko mpaka Bagamoyo, na nachokiona ni kwamba mahojiano yanaeditiwa pale pale kwenye kiti, kwenye kompyuta unaenda kukusanya tu.

Chukua maswali. Sauti ya muulizaji mara nyingi inakatwa, sasa ukimuuliza mzee ulianza lini kuunda majahazi akajibu "sabini na nne", umebaki na namba inaning'inia haina mwenyewe. Namwambia mapema, babu mi sitasikika, we nianzie mwanzo, "nilianza kuunda majahazi mwaka fulani". Atasahau, wote wanasahau, usimkatishe, mwache amalize halafu umrudishe taratibu kama vile hukusikia vizuri. Swali la ndiyo au hapana usiulize kabisa. Na akimaliza kujibu we nyamaza, muangalie tu, usiparamie swali linalofuata. Watu hawapendi kimya kile, wataongeza kitu, na mara nyingi walichoongeza ndo kinaingia kwenye filamu. Haya leteni za kwenu.

Mama Maiki: Kaka umesahau sauti, kama kawaida ya watu wa kamera 😂. Picha ikiwa na giza kidogo watu wanavumilia, sauti ikiwa mbovu wanazima. Nikiingia nyumba ya watu kwanza navaa hedifoni nasikiliza chumba: friji, feni, jogoo, bodaboda nje, bati likianza kupata jua linalia ta ta ta. Friji naomba izimwe na funguo za gari naziweka humo humo ndani, ili nisiondoke nikaacha samaki wa watu wanaoza. Simu zizimwe mtandao kabisa, si kuweka kimya tu, maana ile tititi inaingia kwenye maiki hata kama simu haijalia.

Kina mama waliovaa mtandio au buibui, maiki ya kubana usiifiche chini ya kitambaa, kila akigeuza shingo ni kwaruu kwaruu, bora iwe nje ionekane, na kama we ni mwanaume mpe binti yake amfungie. Adhana ikianza tusimame, kwanza adabu, pili ukija kukata sentensi ile adhana ya nyuma inaruka na kila sikio linajua umekata. Mkimaliza kila mtu atulie nusu dakika urekodi kimya cha kile chumba, kitakuzibia mapengo yote kwenye taimlaini (ule mstari wa kwenye kompyuta unapopanga vipande). Watakuona kichaa, fanya tu.

Kamera Moja: Mama Maiki shikamoo. Mi niko peke yangu, kamera moja, sina msaidizi. Nashuti 4K (picha kubwa) naediti kwenye 1080 (picha ndogo), upana ni nukta 3840 kwa 1920 yaani mara mbili kamili, so nikikata naivuta picha inakuwa kama nilikuwa na kamera ya pili. Ila usivute kidogo kidogo, mtazamaji ataona kama imeteleza, vuta kweli kweli au acha. Kwingine mkato naufunika kwa picha za mikono, zana, moshi wa jikoni, na hizo nazishuti baada ya maongezi sio kabla, maana hapo nishajua kaongelea nini. Swali: ofisini kwa watu taa zinaniletea mistari inapanda na kushuka kwenye picha, tatizo lenzi?

Wa Kisauni: Si lenzi ndugu yangu. Umeme wetu huku ni 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, taa inapwita mara 100 kwa sekunde, na kamera nyingine zinakuja zimesetiwa kimarekani, 60. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, itatulia (taa zingine za LED za bei rahisi ni sugu hata hapo, zizime utumie dirisha). Dirisha lenyewe liwe ubavuni mwake, si nyuma. Halafu ngozi zetu hizi, ukimkalisha mtu mbele ya ukuta mweupe na kamera iko oto (inajipimia mwanga yenyewe), inaupima ukuta, uso unazama gizani. Toa oto, pima uso, tafuta nyuma pawe na kiza kuliko yeye.

Bi Mhariri: Mi naediti tu, siendi fildi. Kabla ya kugusa taimlaini naandika maneno yote kwenye karatasi na dakika zake, napiga mistari, ndo naanza. Shida yangu ni sentensi za kuunga. Nusu kaongea asubuhi nusu mchana, unaunganisha unafunika na picha ya bahari, mtu anasema kitu ambacho hakukisema. Maprodyuza wanazipenda hizo sijui kwa nini.

Fundi wa Pwani: Dada si zote mbaya lakini, mzee akizunguka dakika nne kufika pale pale, kumfupishia nako ni kumheshimu.

Bi Mhariri: Kufupisha sawa. Nachokataa ni kukata ile "labda" aliyoitanguliza, au ile "nasikia", ikabaki kama anathibitisha. Huyo mzee anaishi na majirani wale wale, we uko kwenye tamasha la filamu Zanzibar unapigiwa makofi. Kipande cha kuunga namtumia WhatsApp akisikilize, akisema sivyo nakitoa, prodyuza akinuna anune.