Tupeane uzoefu: nani amedarizi jina la askari wake aliyekufa vitani?

Mdarizi wa Lanet (Nakuru)

Wapendwa, salamu. Nataka tukusanye hapa hadithi za walioshika sindano na uzi kwa ajili ya askari wao waliokufa. Vita vyovyote: Somalia, Bama (Burma, leo Myanmar), hata vile vya Mjerumani walivyopigana baba za babu zetu. Ulidarizi nini, kwenye kitambaa gani, kiko wapi sasa, na wenye msiba walikipokeaje?

Naanza mimi. Kaka yangu mdogo alikuwa El Adde. Kambi ile ya wanajeshi wetu huko Gedo ilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri ya Januari 15, 2016. Januari 27 kulikuwa na ibada kubwa Moi Barracks, Eldoret, Rais Kenyatta akiwa na marais wa Somalia na Nigeria. Lakini idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Mtu akiniuliza kwa nini nadarizi, namjibu hivyo: orodha hatukupewa, basi kila nyumba iandike wake.

Kitambaa changu ni aida nyeupe, ile yenye miraba 14 kwa inchi. Juu bendera, katikati jina lake lote pamoja na lile la utotoni ambalo mama peke yake ndiye alikuwa akimwita, chini mwaka wa kuzaliwa na 2016. Bendera ilinitoa jasho. Ile mistari ni rahisi, lakini ngao ina mviringo, na mishono ya msalaba ni miraba mitupu. Ukingo wake nikaumalizia kwa nusu mishono, kisha nikauzungushia uzi mmoja kwa mshono wa nyuma. Cheo na namba yake sikuweka, hivyo jeshi linavyo. Bunduki pia sidarizi, hata familia nyingine ikiniomba.

Mama alipokipokea alianza kutusimulia siku kaka alipozaliwa. Tangu mazishi hakuwa amemzungumzia hivyo, na jioni ile alisimulia mpaka chai ikapoa.

Nyar Kano (Kisumu)

Pole sana dada, na asante kwa kufungua mlango.

Wetu ni ndugu yake babu. Aliingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), akapelekwa Bama. Wazee walisimulia kwamba mvua ya huko ilikuwa adui kuliko Mjapani, na historia inawaunga mkono: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua kubwa, kwenye matope na malaria, hadi Kalewa ikachukuliwa Desemba. Yeye hakurudi, wala mwili.

Sisi Wajaluo mtu akifia mbali asipatikane, tunda la yago, yaani la mti wa mwegea, huzikwa mahali pake. Lake lilizikwa, na kaburi lipo nyumbani. Ndiyo maana nilipotaja habari ya kudarizi, wajomba walinizuia kwanza. Walisema mtu hazikwi mara mbili. Tukakaa, tukazungumza, tukapatana kwamba kitambaa hakitatandikwa juu ya kaburi wala kubebwa kwenye ibada ya kaburini. Kiwe picha tu, kwa kuwa picha yake hatuna hata moja. Nikadarizi tawi la yago lenye matunda yanayoning'inia kwa vikonyo virefu, jina lake, na maneno mawili, "Bama 1944". Sasa kiko kwenye fremu ya kioo kwa shangazi.

Kabla ya kushona, binamu alitafuta kwenye kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni. Tulimkuta kwenye Mnara wa Rangoon, ulio katika makaburi ya Taukkyan, pamoja na majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Herufi za jina lake zimekosewa. Kwenye kitambaa tuliandika linavyotamkwa kwetu.

Nawasihi pia jambo moja: jina la marehemu lisiwe kitambaa cha kochi. Nimeona mahali, jina la kijana wa watu limetandazwa pale wageni wanapoegemeza vichwa. Litundikeni, au likunjwe vizuri kabatini.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Nyar Kano, hilo la kochi naliunga mkono kabisa.

Nilifundisha sayansikimu miaka mingi, na najua wengi mtakwama kwenye kitambaa. Aida ni ghali na haipatikani kila mji. Nendeni kwenye duka la sare za shule, mwombe kitambaa cha drafti, kile cha magauni ya wasichana, chenye miraba midogo zaidi. Miraba imeshapimwa na kiwanda, kila mshono mmoja unaingia kwenye mraba wake. Chagua rangi hafifu ili herufi zionekane.

Kunja kitambaa mara nne upate katikati, uanzie hapo. Uzi wa kudarizi huja na nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. Chomoa mbili, usizidishe urefu wa kutoka kiganjani hadi kiwikoni, la sivyo utajifunga mafundo. Mguu wa juu wa kila msalaba ulalie upande mmoja kitambaa kizima. Macho huliona hilo hata kama mtazamaji hajui anachokiona. Na usifunge fundo nyuma. Acha mkia wa uzi, uupitishe chini ya mishono ya kwanza.

Wangu ni baba mdogo. Alikuwa wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipanda meli ya Khedive Ismail Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga na meli ikazama katika dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wakiwa hao hao vijana wa mizinga, na walikuwemo pia wauguzi wa kike. Nyambizi yenyewe ilizamishwa siku ile ile, lakini hilo halikumfikia bibi kama faraja. Yeye alijua tu kwamba mwanawe alikwenda ziwani. "Ziwa" ndilo alilolijua, la Kisumu, na kwa miaka alikataa samaki.

Kwa hiyo kitambaa changu ni bluu tupu, vivuli vitano vya bluu kutoka juu hadi chini, na jina lake kwa uzi mweupe. Hakuna meli. Wajukuu waliniuliza mbona sikuweka meli, nikawaambia meli ina wenyewe wa kuikumbuka. Sisi tulikuwa na mtu ndani yake.

Fundi wa Kofia (Mumias)

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamume na kazi yangu ni kudarizi kofia, kwa hiyo sindano si jambo geni kwangu.

Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya kwanza, kwenye kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps au Karia-Koo, kilichoachia mitaa majina Nairobi na Dar es Salaam. Wapagazi wale wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na kichomi njiani. Na huku kwetu vita havikwisha Novemba 11, 1918 kama Ulaya; Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25.

Mwaka 2021 Tume hiyo aliyoitaja dada wa Kisumu ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Ikaomba radhi. Niliposoma nilifunga duka, nikaenda kwa wazee kuuliza jina kamili la babu na la baba yake. Nikalipata.

Nimelidarizi kwenye kofia, kwa vishimo na uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, kuzunguka ukingo, mwaka bila tarehe, kwani tarehe hakuna aijuaye. Siivai. Inatoka kabatini siku ya kumsomea dua, inazunguka mikononi mwa watoto, kila mmoja analisoma jina kwa sauti.

Nyar Kano (Kisumu)

Mzee wa kofia, jina kwa vishimo sikulifikiria kamwe. Shukrani.

Niongeze kuhusu maua. Wengi huiga poppy ile nyekundu, ua lililoota kwenye viwanja vya vita vya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Naheshimu kazi hiyo. Melbourne mwaka 2015 walitandaza zaidi ya poppy 250,000 zilizofumwa kwa mkono, za watu wa kawaida tu. Lakini sisi tuna kibobakasi, ule mti wa maua mekundu ya moto ulioko kila kilima kutoka Nandi hadi Bungoma. Mvulana wa huku alipoondoka nyumbani, ua hilo ndilo alilolipita njiani.

Mama wa Wawili (Njoro)

Nimesoma yote nikilia na nikishukuru. Mume wangu alikufa Kulbiyow, kambi ya wanajeshi wetu Somalia, Januari 27, 2017. Sijui kudarizi. Nina shati lake la kanisani na sitaki kulikata. Wanangu ni wadogo, mmoja hamkumbuki. Jina lake lina herufi tisa. Nianzie wapi?

Mdarizi wa Lanet (Nakuru)

Pole mama. Shati usilikate. Herufi za mwanzo za majina yake zishone ndani ya kola, kwa mshono wa nyuma, uzi mmoja. Kijana akikua atalivaa na zitakaa shingoni mwake.

Jina lenyewe lishone kwenye drafti ya Mwalimu. Kwanza liandike kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba: kila herufi miraba mitano kwa upana na saba kwa urefu, uache mraba mmoja katikati. Herufi tisa ni miraba 53. Kama mraba wa kitambaa ni milimita tatu, jina litakuwa sentimita 16 hivi, linaenea kwenye fremu ya kawaida ya picha. Wape watoto penseli wajaze misalaba kwenye karatasi hiyo.

Njoro si mbali. Niandikie pembeni unieleze siku inayokufaa, nitakuja na sindano na uzi, tuanze herufi ya kwanza pamoja.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Mama, kama utatumia uzi mwekundu, loweka kipande chake kwanza kwenye maji baridi juu ya kitambaa cheupe uone kama unachuja rangi. Ukichuja, suuza mpaka maji yawe safi kabla hujashona.