Mwanza ilitwaliwaje tarehe 14 Julai 1916?

Mkazi wa Kirumba: Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuelezwa kama siku hiyo, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia Mwanza kwa mapigano, au Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuacha mji, na kwa nini bandari yetu iliwindwa kiasi hicho.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Njia ilifunguliwa mwezi Juni kwa kutekwa kisiwa cha Ukerewe, ambacho mpunga wake uliwalisha askari wa Kijerumani. Katikati ya Julai kikosi cha Jenerali Crewe wa Waingereza, kilichovushwa kwa meli za ziwani, kilishuka mashariki ya mji, na Wajerumani, kwa kuwa walikuwa wachache mno kuuhami, wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Mji wenyewe, kwa hiyo, haukupiganiwa sana. Kilichotafutwa ni bandari, kwani bila bandari hapakuwa na namna ya kulisha jeshi linaloshuka kusini.

Mvuvi wa Ukerewe: Naongeza la siasa, Mwalimu, kwa ruhusa yako. Wabelgiji nao, washirika wa Waingereza, walikuwa wakiikimbilia Tabora kutoka magharibi, wakaitwaa tarehe 19 Septemba, kabla Crewe hajafika. Walitaka ardhi ya kujadiliana nayo baada ya vita, na hatimaye wakapewa Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Linaloniuma ni wapagazi, waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili na kufa kwa maradhi na uchovu, wengi wao bila hata kaburi lenye jina.

Mkazi wa Kirumba: Nashukuru sana. Nitawasomea wanafunzi wangu kesho.