Hawaii ilitawaliwa na Muingereza? Mbona bendera yake iko vile

nahodha_shela: Asalaam aleikum jamaa zangu. Jana nimevusha mgeni kutoka Manda, kofia yake ina kibendera, kwa pembeni juu ile ya Muingereza halafu mistari myeupe, myekundu na ya buluu. Nkamwambia wewe wa Australia, akasema la, Hawaii. Sasa si Marekani hiyo?

bint_langoni: Waaleikum salaam kaka. Ni Marekani ndio, jimbo la 50, iliingia Agosti 1959. Lakini bendera ni ya kabla ya hapo, ya enzi za ufalme wao. Nahodha mmoja Muingereza, Vancouver, alimzawadia mfalme Kamehameha wa kwanza bendera ya kwao na ile alama wakabaki nayo mpaka leo. Mistari iko minane, visiwa vikubwa vinane. Muingereza aliwakalia miezi mitano tu mwaka 1843, ofisa wa manowari aliwanyang'anya nchi bila kutumwa, ikarudishwa. Waliowamaliza ni wafanyibiashara weupe wakisaidiwa na wanajeshi wa Marekani, 1893 wakampindua malkia Liliuokalani, baadae wakamfungia ndani ya kasri yake mwenyewe, hapo mimi huniuma sana nikikumbuka. 1898 Marekani ikachukua visiwa vyote. Kwa hivo bendera ya ufalme ndio imekua bendera ya jimbo, ni kama bendera ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ingebaki Fort Jesus, Mombasa, baada ya 1963.

mvuvi_kipungani: Na samaki wao je, yule aliye alama ya jimbo! Anaitwa humuhumunukunukuapuaa, jamii ya kikande huyo huyo wetu. Usiogope urefu, soma kama Kiswahili tu, kila silabi yaishia irabu.

mzee_wa_tanga: Wanangu, mkitaja Hawaii mtajeni na Hokulea. Ni mitumbwi miwili mikubwa imefungwa sambamba ikatiwa tanga, mwaka 1976 ilitoka Hawaii hadi Tahiti, kama kilomita 4,000, bila dira wala kifaa chochote cha kuonyesha njia, nyota na mawimbi tu. Aliewaongoza ni Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, huko Mikronesia, kwa sababu kwao Hawaii elimu hio ilikua ishapotea. Sisi bado tunao wazee wanaojua kilimia na kusi, tukae nao wangali hai.

nahodha_shela: Shukran sana, na wewe mzee Mungu akuweke. Kesho nampeleka Matondoni akaone majahazi yanavyoundwa, ntamuuliza habari za Hokulea njiani.