Bomba jeusi, GI au alumini: lipi la kununua kwa kazi za nyumbani?

Mwambao_wa_Pili
Wakuu, habari za kazi. Jumamosi naenda kununua bomba za chuma. Hadwea wamenitajia bomba jeusi (chuma kitupu kisichopakwa zinki), GI (chuma kilichopakwa zinki) na alumini, na kila moja lipo la duara na la pembe nne. Nahitaji kama kumi hivi. Lipi ni imara, na geji ngapi inatosha? Natanguliza shukrani.

Nondo_12
Mkuu, umeuliza dawa bila kusema unaumwa wapi. Unatengeneza nini? Kitabeba kilo ngapi? Kitakaa ndani au kitanyeshewa? Uko mbali kiasi gani na bahari? Utachomelea au utafunga bolti? Hizo kumi ni vipande vilivyokatwa au bomba zima? Bomba zima ni mita 6, na mengine ukiyapima unakuta 5.8. Jibu hayo kwanza.

Kalipa
Wakati tunamsubiri mtoa mada, niseme kuhusu geji, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Geji 18 ni karibu milimita 1.2, geji 16 ni 1.6, geji 14 ni 2.0. Ukiambiwa "hii ni geji 16", mara nyingi unapewa 1.4 au 1.3. Usipime ukingo pale bomba lilipokatwa, kwa sababu msumeno unaacha ndimi zinazodanganya kalipa (kifaa cha kupimia unene). Njia ya uhakika ni mizani.

Skwea paipu (bomba la pembe nne): (upande − unene) × unene × 0.0314 = kilo kwa mita.
Bomba la duara: (kipenyo cha nje − unene) × unene × 0.0247 = kilo kwa mita.

Vipimo vyote viwe milimita. Mfano, skwea ya 40 kwa 40 yenye unene wa 1.5 inatoa kilo 1.81 kwa mita, yaani karibu kilo 10.9 kwa bomba zima la mita 6. Ikisoma kilo 8.8, umeuziwa 1.2. Pembe zimeviringwa, kwa hiyo uzito halisi hushuka asilimia 3 au 4 chini ya hesabu. Zaidi ya hapo ni wizi wa unene.

Jambo jingine: bomba la maji huitwa kwa inchi za ndani, tena za kukadiria. GI ya inchi 1½ ina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, ya inchi 1 ni 33.7, ya nusu inchi ni 21.3. Skwea huitwa kwa kipimo cha nje. Ukichanganya hayo mawili kwenye mchoro, hakuna kitakachoingiliana.

Mwambao_wa_Pili
Samahani wakuu. Ni stendi ya tenki la maji, kimo mita 3, na bomba zitakazobaki nitatengenezea rafu za stoo. Niko Kigamboni, usiku mawimbi tunayasikia. Nina mashine ya inveta ya ampia 160 na nachomelea mwenyewe. Bei si tatizo kubwa, ila sitaki kurudia kazi hii baada ya miaka mitatu.

BiSauda_Tanga
Kama mawimbi unayasikia, chukua GI na usigeuke nyuma. Ila jua kuna GI mbili. Ya kwanza ni bomba lililochovywa zima kwenye zinki iliyoyeyushwa. Kwa chuma cha unene huo tabaka lake ni mikroni 55 hadi 70 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndani na nje. Ya pili ni bati lililopakwa zinki kwanza, kisha likakunjwa na kuungwa kuwa bomba. Hilo lina mikroni 20 tu kila upande, na mstari wa muungo umeungua. Ufukweni zinki huliwa mikroni 2 hadi 8 kwa mwaka kutegemea umbali na upepo. Piga hesabu mwenyewe. Lililochovywa utalitambua kwa uso wake: lina mikunjo na matone yaliyoganda, na ndani nako ni kijivu. Linalong'aa sawasawa kama kioo, huku mstari mmoja umepakwa rangi ya fedha, ni la pili.

Na usilipake GI jipya rangi ya mafuta ya kawaida moja kwa moja. Rangi hiyo ikikutana na zinki hutengeneza kitu kama sabuni katikati, na baada ya misimu miwili inabanduka kama ganda la kitunguu. Anza na praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki.

JuaKali_Mvita
Bi Sauda, shikamoo. Hapo kwa GI tutakosana kidogo. Amesema anachomelea mwenyewe. Kila penye muungo zinki itaungua, na stendi huozea hapohapo kwenye miungo. Sasa faida iko wapi? Mimi kwa stendi nasema skwea nyeusi, 50 kwa 50, unene milimita 3. Pembe nne inakatwa nyuzi 45 au 90 na kulala sawa, wakati duara kila ncha lazima uichonge mdomo ufuate mviringo wa mwenzake. Fundi wa nyumbani akiacha mwanya wa milimita 4 pale, anaujaza kwa fimbo ya kuchomelea na anapata muungo mbovu.

Kwa inveta yako tumia fimbo za 6013, milimita 2.5, ampia 75 hadi 90 kwa chuma cha milimita 3. Kwa rafu za 1.5, shuka hadi 50 au 60, piga vipande vya sentimita 2 ukirukaruka, la sivyo utatoboa na fremu itapinda. Ukimaliza, kwangua takataka zote za fimbo, sugua kwa brashi ya waya, kisha praima ya epoksi yenye zinki mikono miwili, halafu rangi ya juu. Ile redi oksaidi (praima nyekundu ya kutu) ya bei rahisi peke yake ufukweni haifiki mbali.

BiSauda_Tanga
Marahaba. Zinki iliyoungua kwenye muungo inarudishwa kwa rangi ya zinki nyingi, tena hata kukiwa na mkwaruzo mdogo zinki ya jirani inakilinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza. Rangi yako ikichubuka, kutu inaanza siku hiyohiyo na kutambaa chini yake.

Fremu_Safi
Kwa atakayechomelea GI: anywe maziwa nusu lita kabla na nusu baada. Moshi ule mweupe ni sumu.

Nondo_12
Fremu_Safi, hapo lazima nikupinge, kwa sababu watu wanaumia wakiamini hivyo. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 hivi, na chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo huwezi kuchomelea bila kuifanya moshi. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata baridi, homa, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Wengi hudhani ni malaria. Kinachosaidia ni kusaga zinki kwa grenda sentimita 2.5 hadi 5 kila upande wa muungo, kukaa upande upepo unakotoka, na barakoa yenye vichujio vya moshi wa chuma. Ile ya hospitali haizuii kitu.

Fremu_Safi
Mafundi wote ninaowafahamu wanakunywa maziwa na wako salama.

Nondo_12
Wako salama kwa sababu homa hiyo hupita yenyewe ndani ya siku moja au mbili, kwa maziwa au bila maziwa.

Nirudi kwa mtoa mada. Mnabishana aina ya bomba, lakini stendi huanguka kwa mambo mengine. Kuna moja ya skwea 50 kwa 50, unene 1.5, niliyoitwa kuitazama baada ya kulala juu ya ukuta wa jirani. Rangi ya nje ilikuwa nzuri, inang'aa. Miguu ilikuwa imezikwa kwenye zege sentimita 40. Ncha za juu ziliachwa wazi chini ya mbao za jukwaa. Maji yaliyofurika kutoka tenkini yalikuwa yakiingia kwenye miguu kila wiki, na chini hayana pa kutokea kwa sababu ya zege. Bomba likaoza kutoka ndani, kwenye kipande cha kama sentimita 5 juu ya zege, pale ambapo maji na hewa vinakutana. Mguu mmoja ulikuwa na tundu, unaingia bisibisi bila kugonga. Ulipokunjika, mitatu iliyobaki ikafuata kwa sababu hapakuwa na mshazari hata mmoja. Kulikuwa na mikanda ya mlalo tu. Fremu ya mraba isiyo na mshazari inalala kama sanduku la kiberiti lisilo na droo. Miguu ile ingekuwa ya milimita 3 ingechelewa kuoza, lakini ingeanguka.

Kwa hiyo: ziba kila ncha kwa kipande cha bamba cha milimita 3, muungo uzunguke wote. Chini usizike bomba. Weka bamba la 150 kwa 150, unene 8, bolti nne za M12 kwenye zege iliyoinuliwa sentimita 10 juu ya ardhi na kuteremshwa pembeni ili maji yakimbie. Pande zote nne ziwe na mishazari. Mguu toboa tundu la milimita 8 juu kidogo ya bamba, maji yatoke.

JuaKali_Mvita
Yote sawa isipokuwa hilo tundu. Ukiziba kabisa, hewa iliyo ndani inaisha oksijeni na kutu inasimama. Ukitoboa, unaingiza hewa ya chumvi kila usiku.

Nondo_12
Ingekuwa kweli kama muungo wako hauna hata kijitundu cha sindano. Mchana bomba linapata joto na kutoa hewa, usiku linapoa na kuvuta unyevu kupitia kijitundu hichohicho, kisha maji hayatoki tena. Kwa fundi anayejifunza, mimi nachagua tundu la chini.

Kalipa
Kama anataka kuziba, ajaribu muungo kwa maji ya sabuni na pampu ya baiskeli kabla ya kupaka rangi. Vali ichomelewe kwa muda, povu litamwonyesha. Tatizo ni kwamba akishaitoa vali, tundu lake nalo lazima lizibwe bila kujaribiwa.

Mabomba48
Hamjagusa njia ya bila moto kabisa. Bomba la jukwaa la ujenzi lina kipenyo cha nje cha 48.3, sawasawa na GI ya inchi 1½. Maana yake klampu za jukwaa zinaingia kwenye zote mbili. Unakata, unafunga, zinki haiungui. Klampu za pembe mraba kwenye miguu, zile zinazozunguka kwenye mishazari, nati unakaza hadi nyutonimita (Nm) 50 kwa spana ya kupimia, baada ya wiki unakaza tena. Bomba la jukwaa lililotumika ni zuri pia, ila piga nyundo na usikilize, na usichukue lililopinda au lenye kutu ya magamba.

Mtoa mada, tenki ni lita ngapi? Klampu moja ya pembe mraba huhesabiwa kubeba takriban kilonyutoni 6, yaani karibu kilo 600, kabla ya kuteleza.

Mwambao_wa_Pili
Mkuu, niliona kama nimesema. Ni lita 2,000.

Nondo_12
Hukusema. Wote tulikuwa tunafikiria 1,000.

Kalipa
Basi hesabu zinabadilika. Chukua kilo 2,200 pamoja na tenki na mbao. Kila mguu unapata kilo 550, na hilo skwea ya 50 kwa 50 kwa 3 yenye mishazari inalibeba bila shida. Shida iko kwenye boriti za jukwaa. Kama jukwaa ni mita 1.5 na vyuma vya kati vinaelekea upande mmoja, boriti mbili za pembeni zinabeba nusu kwa nusu. Kwa 50 kwa 50 kwa 3, mkazo unafika megapaskali 240 hivi, na chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye 235. Tumia 100 kwa 50 kwa 3, iliyosimama kwa upande mrefu: mkazo unashuka hadi kama 90. Vyuma vya kati vitatu vinaweza kubaki 50 kwa 50 kwa 3, na juu yake mbao za inchi 2 zilizobanana, maana kitako cha tenki la plastiki hakitaki kuning'inia kwenye mianya.

Mabomba48
Na kwa klampu, mzigo wa mguu ni karibu kilonyutoni 5.4. Uko mpakani. Funga klampu ya pili chini ya ile ya kwanza, zigusane. Boriti za bomba moja la 48.3 nazo hazitoshi kwa mita 1.5, ziwe mbili mbili au uongeze miguu.

BiSauda_Tanga
Alumini mmeisahau. Ni nyepesi, karibu theluthi ya uzito wa chuma, lakini ukakamavu wake nao ni theluthi, na inveta hiyo haiichomelei. Ile ya madirisha ni nzuri kwa rafu za stoo, ukifunga kwa ribiti za alumini. Bolti ya chuma ndani ya alumini kwa hewa ya chumvi itatoa unga mweupe na kuila alumini.

Fremu_Safi
Na bomba za stenlesi za mageti je? Hazishiki kutu.

Kalipa
Nyingi za mageti ni daraja la 201, na ufukweni zinatoka madoa ya kahawia haraka. 304 nayo inatoa madoa ikikaribia bahari. Inayostahimili zaidi ni 316, yenye molibidenamu. Sumaku haitakutofautishia 201 na 304.

Mwambao_wa_Pili
Nimejifunza mengi. Kwa hiyo ninunue skwea nyeusi, GI ya kuchomelea, au GI na klampu? Na huko hadwea sidhani kama wana mizani ya bomba.

JuaKali_Mvita
Skwea nyeusi na epoksi.

BiSauda_Tanga
GI iliyochovywa, klampu maradufu, miguu sita.

Kalipa
Nenda na mizani ya bafuni. Simama juu yake mikono mitupu, usome. Kisha shika bomba katikati, usome tena, utoe. Skwea ya 50 kwa 50 kwa 3 ya mita 6 iwe kati ya kilo 25 na 27. Ikiwa 22, hiyo ni 2.5, iache. Pima kila bomba, siyo moja la juu tu.

Nondo_12
Na kabla ya Jumamosi tuwekee picha ya mahali stendi itakapokaa. Kama ni mchanga mtupu, kuna suala la msingi ambalo hatujaligusa.