Mrejesho: Kupitisha mwendelezo au kujiita kwa kawaida katika Scheme

Niliuliza iwapo funksheni yangu ya kuzidisha namba zote za orodha, niliyoiandika kwa Scheme (lugha ya kuandikia programu) na inayojiita yenyewe kwa njia ya kawaida, ingetumia kumbukumbu kidogo zaidi nikiiandika kwa kupitisha mwendelezo, yaani kuipa kila mwito funksheni, k, inayobeba kazi iliyobaki kufanywa. Nawashukuru mlionijibu, pamoja na wenzangu wa hapa Nairobi waliopitia msimbo nami mstari kwa mstari.

Jibu ni hapana. Ni kweli staki (sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito ambayo haijaisha) haikui, kwa sababu kila mwito umekuwa mwito wa mwisho, usioacha kazi nyuma yake, lakini kazi iliyokuwa ikisubiri huko imehamia ndani ya funksheni ndogo zisizo na jina, (lambda (v) (k (* (car orodha) v))), ambapo (car orodha) ni namba ya kwanza ya orodha, na lambda hizo hushikana kama mnyororo kwenye kumbukumbu hadi orodha iishe. Anayetaka kubana kumbukumbu atumie hoja ya ziada inayobeba zao lililokwisha kupatikana.

Faida niliiona kwenye sifuri. Kwa orodha '(7 3 0 5), njia ya kawaida, hata ikisimama kwenye 0, bado hurudi kuzidisha 3 kisha 7, kazi ya bure kabisa. Mwendelezo huniruhusu kurudisha 0 papo hapo bila kuuita k, na hakuna hata namba moja inayozidishwa. Kwingineko nimebaki na njia ya kawaida, maana inasomeka upesi.