Tupeane uzoefu: Rimiksi ya shugezi iliyokufanya uirudie albamu kwa masikio mapya

Wakuu, habari za muda huu. Najua humu tunaosikiliza shugezi ni wachache, huu muziki wa Uingereza wa magitaa yanayorundikwa hadi mwimbaji anazama. Leo naomba tuongelee rimiksi, yaani nyimbo za albamu zilizofumuliwa na kusukwa upya. Ipi ilikugusa, na ulikuwa katika hali gani?

Naanza mimi. Bendi ya Ride ya Oxford walitoa albamu ya This Is Not a Safe Place mwaka 2019. Mwaka uliofuata ikaja Clouds in the Mirror, nyimbo za albamu hiyohiyo mikononi mwa Pêtr Aleksänder, kundi la watu wawili. Magitaa yakaondoka, ngoma zikaondoka, zikabaki sauti za Mark Gardener na Andy Bell juu ya piano na fidla. Nilikuwa zamu ya usiku, spika ndogo ya simu, wodi imetulia. Nikasikia maneno ambayo kwenye albamu yalikuwa yananipita tu. Niliporudi kwenye ile ya kwanza, sikio likawa linamfuata mwimbaji lenyewe, hata chini ya kelele zote. Tangu hapo nazisikiliza zote mbili, na naipenda zaidi ile yenye kelele.

#2
Mkuu, asante kwa uzi, ila hapo kwenye fidla mimi nakataa. Kwa shugezi gitaa ndio wimbo wenyewe. Ukilitoa umebakiwa na mashairi mazuri ya watu wapole, basi. Rimiksi iliyonishika ni ya DJ Andrew Weatherall, marehemu sasa, alipouchukua wimbo "Soon" wa bendi ya My Bloody Valentine mwaka 1990. Aliupa mdundo wa disko, ukachezeka, lakini lile wimbi la gitaa la Kevin Shields hakuligusa heshima yake. Kaka yangu aliipiga kwenye sherehe ya nyumbani, Nairobi, kati ya lingala na hausi. Watu waliendelea kucheza, shangazi akiwemo!

#3
Naongea kama fundi wa studio, niko Dar. Rafiki yangu ana bendi, akaniletea wimbo nimfanyie rimiksi, kila chombo kwenye faili lake. Nikafungua faili la gitaa peke yake: ukungu mtupu. Mwangwi umesharekodiwa humo humo, hauondoki. Halafu anapiga huku mkono umeshika ule mkono wa chuma wa gitaa, anausukuma na kuuachia, kwa hiyo noti inateleza muda wote. Ukikata kipande ukirudierudie, hakikai kwenye ufunguo wa kinanda chako. Nikachukua sekunde chache tu za mwisho wa wimbo, pale gitaa linapofifia, nikazirefusha zikawa msingi wa wimbo mzima. Sauti ya dada anayeimba nikaiacha kavu kabisa. Yeye mwenyewe aliogopa kuisikia hivyo, akaomba nimrudishie mwangwi kidogo. Nikamrudishia, sauti ni yake.

#4
#3 umeniamsha. Mimi ni wa bendi ya Slowdive damudamu. Wengi wanaijua albamu yao ya Souvlaki ya 1993, wachache wanakumbuka kwamba mwaka huohuo wimbo wao "In Mind" ulipewa Reload na Bandulu, watu wa muziki wa mashine, wakaufanyia rimiksi. Nilizipata nikiwa nasoma Leeds, kwenye duka la santuri za mitumba. Kwangu mimi zile rimiksi ndizo zilizonifungulia albamu yao ya Pygmalion ya 1995, ambayo gitaa limebaki matone na ukimya umejaa. Kabla ya hapo nilikuwa siielewi kabisa. Baada ya albamu hiyo lebo yao iliwaacha, na bendi ikalala hadi 2014. Inaniuma mpaka leo, maana ndiyo kazi yao ninayoipenda kuliko zote.

#2
#4 mkuu, Pygmalion sibishani nayo. Ila fidla bado.

Mleta uzi
#2 sikiliza usiku, siyo kwenye daladala. #3, bendi ya rafiki yako ikiruhusu, tuwekee hapa matoleo yote mawili, ile yenye ukungu ianze.